"Mazoezi Yamefanyika" Haitoshi: Kuandika Faili la Tiba kwa Vitendo

"Mgonjwa ameonwa. Mazoezi ya mkono yamefanyika. Amevumilia vizuri. Endelea na mpango."

Nimeyasoma maneno haya, au ndugu zake wa karibu, kwenye mafaili yasiyo na idadi, na miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nayaandika mwenyewe kila siku. Hayana uongo. Mgonjwa kweli ameonwa, na mkono kweli umefanyishwa mazoezi. Lakini mtaalamu atakayempokea mgonjwa huyo kesho hajui ni mkono upi, uliweza nini, ulikwama wapi, wala huo mpango unaoendelezwa ni upi. Daktari anayepita raundi hapati cha kumsaidia kuamua kama mgonjwa aende nyumbani. Mkaguzi wa bima anaona saa nzima ya huduma ambayo, kwa maelezo hayo, hata shangazi wa mgonjwa angeweza kuitoa pale kando ya kitanda.

Hapo kwa shangazi ndipo penye tatizo lenyewe. Kazi yetu ikitazamwa kwa mbali inafanana na msaada ambao ndugu yeyote angeutoa: kumshika mtu mkono, kumvalisha shati, kukaa naye akijaribu kula. Kinachoitofautisha ni yale yanayopita kichwani mwa mtaalamu wakati huo, na hayo hakuna anayeyaona yasipoandikwa. Ukiandika matendo peke yake umeandika kile ambacho shangazi naye angeandika.

Kwa asiyeifahamu fani hii, tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba ya kazi, inamshughulikia mtu ambaye ugonjwa, ajali au ulemavu umemzuia kufanya mambo ya maisha yake: kuoga, kuvaa, kula, kupika, kushika kalamu darasani, kurudi gengeni. Wenzetu wa fiziotherapia tunafanya nao kazi bega kwa bega na mipaka yetu inaingiliana, ila swali letu kuu ni la shughuli. Mtu huyu alikuwa anafanya nini na siku yake, na sasa kimemshinda nini? Kwa hiyo maelezo yetu ni magumu kuyaandika kuliko yanavyodhaniwa. Presha ina tarakimu. Kuvaa dera hakuna tarakimu mpaka mtu akae aitafute.

Nitatumia mgonjwa mmoja kuanzia hapa mpaka mwisho. Ni mama lishe wa miaka 52, amepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, na mkono na mguu wake wa kushoto umelegea. Nimemuumba kutokana na wengi niliowahudumia, ili siri ya mtu yeyote isitoke humu.

Sehemu nne, mashahidi wanne

Miaka ya 1960 daktari mmoja Mmarekani, Lawrence Weed, alichoshwa na mafaili ya hospitali. Yalipangwa kwa kufuata aliyeandika: madaktari huku, wauguzi kule, maabara mwisho kabisa, na tatizo la mgonjwa likawa limetawanyika katikati bila mwenyewe. Alipendekeza kila kitu kifuate tatizo, na makala yake ya mwaka 1968 katika jarida la New England Journal of Medicine ikaeneza wazo hilo duniani. Humo ndimo yalimotokea maelezo ya sehemu nne yanayojulikana kwa herufi SOAP. Kwa lugha yetu: alichosema mgonjwa, nilichoona na kupima, nilichoelewa (ndiyo tathmini), nitakachofanya (ndio mpango).

Wanafunzi huzikariri herufi upesi. Kinachowapa taabu ni ukuta uliopo kati ya sehemu na sehemu. Kila sehemu ina shahidi wake. Ya kwanza anasema mgonjwa au ndugu yake. Ya pili yanasema macho yangu na vipimo vyangu. Ya tatu ninasema mimi, kwa taaluma yangu, na mtu mwingine ana haki ya kunipinga. Ya nne ni ahadi. "Anaonekana hana ari" ikiandikwa sehemu ya pili imevuka ukuta, kwa sababu ari haionekani. Kilichoonekana ni kwamba alifumba macho na hakujibu maswali mawili ya kwanza. Labda ni ari. Labda ni usingizi wa dawa. Labda ni msongo wa mawazo, unaowapata wengi baada ya kiharusi.

Salamu siyo taarifa

Sehemu ya kwanza ina mtego ambao vitabu vya Ulaya na Marekani havitufundishi, maana wao hawana adabu ya salamu kama yetu.

Ukimuuliza mama lishe, "Unaendeleaje leo, mama?" atakujibu, "Nzuri mwanangu, namshukuru Mungu." Angekujibu hivyo hivyo hata kama usiku mzima hakulala kwa maumivu ya bega. Ni heshima, ni malezi. Kijana wetu anaandika: "Mgonjwa anasema anaendelea vizuri." Ameandika salamu kwenye sehemu ya taarifa. Maliza salamu zote kwa utaratibu wake, kisha uliza jambo lenye umbo: "Tangu juzi, ni kitu gani ulijaribu kukifanya mwenyewe kikakushinda?" Hapo ndipo siku moja utasikia: "Nilitaka kufunga kanga nikaenda chooni, ikadondoka, nikaona aibu, nikarudi kitandani." Sentensi hiyo moja ina kazi ya wiki nzima ndani yake.

Mtego wa pili ni wa lugha mbili. Kwa Tanzania, tunazungumza na mgonjwa kwa Kiswahili halafu faili tunaliandika kwa Kiingereza, na baadhi ya maana inadondoka njiani. Mkono, kwa Kiswahili, unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Kiingereza kimeugawa mara mbili. Mguu ni hivyo hivyo, kuanzia nyonga hadi unyayo. Mgonjwa akisema "mkono unaniuma" na wewe ukaandika neno la Kiingereza la kiganja, wakati yeye alimaanisha bega, umempeleka msomaji wako pasipo na tatizo. Na bega la mtu wa kiharusi si jambo dogo. Misuli ikilegea kiungo huweza kushuka kidogo kutoka mahali pake, na ndugu wakimvuta mkono ili kumnyanyua wanazidi kumuumiza. Mwambie akuonyeshe kwa kidole: bega, kiwiko, kifundo, kiganja. Neno "ganzi" nalo lina tabia hiyo. Wapo wanaolitumia kwa kutohisi kabisa, wapo wanaolitumia kwa kuchomachomwa, na wapo wanaosema "ganzi" wakimaanisha mkono hauna nguvu. Hayo ni matatizo matatu tofauti.

Ushauri wangu ni kuyaandika maneno yake kwa Kiswahili chake, ndani ya alama za kunukuu, kisha ufafanue kwa Kiingereza cha faili. Mistari miwili inatosha.

Nusu ya sahani

Siku ya nne tulimkuta mama lishe amemaliza kula. Nesi wa zamu alikuwa ameandika kwamba amekula nusu ya chakula, hamu ni ndogo. Nikaiangalia sahani. Wali wa upande wa kulia ulikuwa umekwisha, safi kabisa, mpaka mstari wa katikati. Wa upande wa kushoto ulikuwa haujaguswa, na kipande cha samaki juu yake. Nikaizungusha sahani nusu duara. Akasema, "Kumbe bado kipo?" akaendelea kula.

Hamu yake ilikuwa nzima. Ubongo wake ndio ulioacha kuushughulikia upande wa kushoto, hali inayowapata wengi walioumia ubongo upande wa kulia. Sasa fikiria maandishi mawili. "Anakula mwenyewe, hamu ndogo." Na jingine: "Amekula wali wote wa nusu ya kulia ya sahani, hakugusa nusu ya kushoto. Sahani ilipozungushwa aliendelea kula mpaka chakula kikaisha, bila kushikwa mkono." La pili limechukua sekunde ishirini zaidi kuandikwa, na limebadilisha mpango mzima wa tiba, maana mtu asiyeuona upande wa kushoto hawezi kurudishwa kwenye jiko la mkaa lenye sufuria ya mafuta ya moto kushoto kwake.

Sehemu hii ya pili ndiyo ya vipimo. Neno "kidogo" lifutwe humo. "Amesaidiwa kidogo kuvaa" kwangu ni kumshikia mkono wa nguo, kwa mwenzangu ni kumvalisha nguo yote isipokuwa kichwa. Tunao utaratibu unaotumika sana wa kupima msaada kwa mafungu: msaada mdogo ni pale mgonjwa anapofanya robo tatu au zaidi ya kazi mwenyewe; wa kati, kuanzia nusu hadi karibu robo tatu; mkubwa, kuanzia robo hadi karibu nusu; chini ya robo tunasema anategemea kabisa. Ongeza na aina ya msaada, kwa maana kumgusa si sawa na kumkumbusha kwa mdomo, na kumkumbusha si sawa na kusimama karibu tu kwa usalama.

Halafu kuna fomu zenye alama. Inayojulikana zaidi ni ya Barthel, iliyochapishwa mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel huko Marekani: vipengele 10, kuanzia kula hadi kupanda ngazi, jumla alama 100. Naithamini, inajazwa haraka na karibu kila hospitali wanaielewa. Lakini walioitunga wenyewe walionya kwamba mwenye 100 si lazima aweze kuishi peke yake. Huenda hawezi kupika wala kutunza nyumba. Kwa mama lishe onyo hilo ndilo habari yenyewe. Anaweza kufika 100 na riziki yake ikawa bado imekatika.

Nenda pia kwenye kipengele cha choo. Alama zake zimemfikiria mtu anayeketi. Mgonjwa wetu nyumbani ana choo cha shimo, anachuchumaa, na akiwa amechuchumaa anahitaji mguu wa kushoto ambao haumtii. Kuna jambo jingine ambalo watu huona haya kuliandika, nami naliandika wazi kwa sababu bila hilo hatueleweki. Mkono wa kushoto ndio wa kujisafishia, wa kulia ndio wa kula. Kwake ndio pia wa kusongea ugali wa wateja. Kiharusi kimeuchukua wa kushoto, na alikataa katakata kujisafisha kwa wa kulia. Fomu inasema "anahitaji msaada chooni" na inanyamaza. Msomaji anadhani ni udhaifu wa mikono yote au ni uvivu wa kujifunza. Maelezo yanayostahili yanasema: "Nguvu na mpangilio wa mkono wa kulia vinatosha kujisafisha. Anakataa kwa sababu ya desturi na kazi yake ya chakula." Mpango unaofuata hauwezi tena kuwa "afundishwe kutumia mkono wa kulia." Unakuwa kumtafutia njia ya maji asiyohitaji kugusa, na kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo.

Pale fikra inapoandikwa

Ukinipa dakika tano tu za kukagua faili, nitakwenda moja kwa moja sehemu ya tatu. Mara nyingi nitaikuta tupu, au imerudia sehemu ya pili kwa maneno mengine: "Mgonjwa ana udhaifu wa mkono wa kushoto na anahitaji kuendelea na tiba." Hiyo si tathmini. Daktari alikwisha sema ana udhaifu, ndiyo sababu akamleta.

Tathmini inaunganisha. Inasema: kitu hiki mwilini kinazuia shughuli hii, katika mazingira haya, na naamini kitabadilika au hakitabadilika kwa sababu hii. Shirika la Afya Duniani lilipotoa uainishaji wake wa mwaka 2001 kuhusu utendaji wa mtu na ulemavu lilitenganisha mwili, shughuli na ushiriki katika jamii, likaweka na mazingira pembeni yake kama kitu kinachosaidia au kuzuia. Mimi hutumia ngazi hizo kama mtihani wa sentensi zangu: je, nimepanda kutoka kwenye msuli mpaka kwenye maisha, au nimebaki kwenye msuli?

Kwa mama lishe niliandika hivi:

"Kinachomzuia kupika si nguvu ya mkono wa kulia bali mambo mawili: mkono wa kushoto hauwezi kushikilia sufuria wakati wa kusonga, na hatambui vitu vilivyo kushoto kwake. La kwanza linaweza kuzungukwa kwa kifaa. La pili ni hatari ya kuungua, ndilo linalopewa kipaumbele. Jana alihitaji kukumbushwa mara 6 kutazama kushoto katika dakika 15, leo mara 3, na mara moja aligeuka mwenyewe. Hii ni dalili kwamba anajifunza, kwa hiyo tiba ya mara kwa mara wiki hizi ina maana."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomjibu mkaguzi wa bima bila kumtaja. Na ile ya pili na ya tatu ndizo zinazomwambia mwenzangu wa kesho asipoteze saa nzima akifinyanga udongo wa mazoezi ilhali shida iko kwenye ubongo usioutambua upande wa kushoto.

Sehemu ya nne nitaipitia haraka, maana tathmini ikiwa nzuri mpango hujileta. Lengo lijibu nani, shughuli gani, kwa msaada kiasi gani, katika hali gani, na kwa muda gani. "Kuongeza nguvu ya mkono" halijibu hata moja kati ya hayo. "Ndani ya wiki 3 atavaa dera na kufunga kanga mwenyewe akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akikumbushwa kwa mdomo si zaidi ya mara 1 kuanza na mkono wa kushoto" linajibu yote, na siku ya mwisho kila mtu anaweza kusema limefikiwa au halijafikiwa. (Mkono dhaifu huingia wa kwanza kwenye nguo na hutoka wa mwisho. Ndugu wa wagonjwa, lishikeni hilo.) Chaguo la lengo ni la mgonjwa. Wakanada wana kipimo kilichotoka mwaka 1991 kinachomwachia mgonjwa mwenyewe ataje shughuli zinazomuuma moyoni, kisha azipe alama 1 hadi 10, kwanza jinsi anavyozifanya, halafu jinsi anavyoridhika. Tofauti ya alama 2 au zaidi huhesabiwa kuwa mabadiliko yenye uzito. Mama lishe aliupa usongaji wa ugali 1 kwa utendaji na 1 kwa kuridhika. Kutembea kwenda sokoni hakukutaja, alisema mwanawe atamnunulia unga.

Mbishi, mvivu, hashirikiani

Yapo maneno yanayomfuata mgonjwa kama jina la utani baya. Akiandikwa "mbishi" siku ya kwanza, kila anayefungua faili anamwendea akiwa amekunja uso. Nimeona mgonjwa aliyeandikwa "hashirikiani, anakataa kusimama" kwa siku tatu. Ya nne mwanafunzi wetu akampima presha akiwa amelala, kisha akiwa ameketi, ikashuka sana. Alikuwa anakataa kwa sababu dunia ilikuwa inamzunguka. Kama siku ya kwanza ingeandikwa "alianza kusimama mara 2, akarudi kuketi, akasema 'naona giza'", nesi au daktari yeyote angeshtuka saa ile ile. Vivyo hivyo kwa wasiokuja miadi. Andika walichosema, hata kama ni nauli. Nauli ni taarifa ya kitabibu: inaniambia nimpe mpango wa nyumbani na nimpangie siku chache.

Wagonjwa wana haki ya kusoma yanayoandikwa juu yao, na kwetu wengi hutembea nayo mkononi, kwenye daftari lililonunuliwa dukani. Ndugu wanasoma. Majirani nao wanasoma. Mambo ya ndani kabisa yabaki kwenye faili la hospitali. Daftari libebe yale tu yanayohitajika nje.

Kuna msemo wa wauguzi na sisi sote: kisichoandikwa hakikufanyika. Ni kweli mahakamani, na ni kweli kwa mgonjwa aliyeumia kazini au aliyeletwa na PF3, ile fomu ya polisi, ambaye haki yake inaweza kusimama juu ya maelezo yako miaka miwili baadaye. Lakini nauogopa zaidi upande wa pili, kilichoandikwa bila kufanyika. Mifumo ya kompyuta imeurahisisha mno, unanakili maelezo ya jana, unabadili tarehe, umemaliza. Nimekuta mgonjwa "anatembea kwa msaada mdogo" asubuhi ambayo hakuwapo wodini, alikuwa chumba cha upasuaji.

Mimi mwenyewe kosa langu lilitokana na kuchelewa. Niliwaona wagonjwa tisa, nikaandika wote jioni kwa kumbukumbu, na kwa mmoja nikaandika mkono wa kulia badala ya wa kushoto. Mwenzangu akatengeneza splinti, kifaa cha plastiki cha kushikilia mkono na vidole visijikunje, kwa kufuata maandishi yangu. Plastiki ile ilikuwa ya mwisho stoo, na mgonjwa alisubiri wiki mbili nyingine huku vidole vikizidi kukunjamana. Tangu siku hiyo naandika mistari mitatu kabla sijaondoka kitandani: upande, kilichofanyika, kilichobadilika. Maelezo kamili yanafuata baadaye. Na ukigundua umekosea, piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Usipake wino mweupe, usichane ukurasa.

Mama lishe aliruhusiwa, akawa anakuja kliniki, na wiki ya tano akahamishiwa zahanati ya karibu na kwao. Hiki ndicho tulichomwandikia kwenye daftari, kwa ajili ya mtu ambaye hatujawahi kuonana naye:

"Kiharusi, udhaifu wa upande wa KUSHOTO, wiki ya 5. Anaoga na kuvaa mwenyewe akiwa ameketi. Anatembea kwa fimbo ndani na uani. Anasonga ugali wa watu 4 akiwa ameketi kwenye kigoda, sufuria ikiwa imebanwa kwa kishikio cha mbao, mtu mzima awepo karibu kwa ajili ya moto. Vitu vikiwa vingi mbele yake bado anasahau vya kushoto: asimimine mafuta wala uji wa moto peke yake. Bega la kushoto linauma likivutwa, ndugu wameonyeshwa namna ya kumnyanyua. Kila akija, tafadhali mpime kwa kumwekea sahani iliyojaa. Ukimuuliza, atakwambia haoni shida."